Marando

Tulibishana siku tatu juu ya neno moja.
Odera alitaka mkokoteni, Khavere akataka toroli,
mimi nikashikilia kapu,
maana hapa Kibuye hakuna anayekuja Jumapili na toroli.
Kapu likashinda, kura nne kwa tatu.
Tangu hapo anayenunua viatu Busia au sufuria Kakamega
hubonyeza neno langu: Tia kapuni.
Sikulipwa, sikudai.
Siku moja, kwenye foleni ya benki,
nililiona likiwaka kwenye simu ya mtu nisiyemjua,
nikashiba hadi jioni.

Gulio tuliliandika Kondele, juu ya kinu cha posho,
meza ikitetemeka, unga ukitua kwenye vitufe.
Aliyejua alimwonyesha asiyejua,
asiyejua alileta chai.
Odera ndiye aliyeziba lile pengo
mtandao unapokatika, pesa zimetoka, mali haijatoka:
usiku saba, umeme ukienda ukirudi.
Juu ya mstari wa mia nne na kumi na mbili
akaacha onyo:
Usiguse hapa kabla hujala.

Onyo bado lipo. Nimeangalia leo asubuhi.

Kampuni ilikuja kwa adabu.
Ilileta fulana, keki ya rangi mbili
na sentensi moja: hakuna kitakachobadilika.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu, siku ya tatu, alitugawia sisi majembe
akabaki na daftari.

Na kweli, hakuna kilichobadilika.
Msimbo bado u wazi, asome apendaye.
Mlango u wazi vilevile, ila una bawabu,
na bawabu hana haraka.
Rekebisho la Khavere, la herufi mbili tu,
liko nje siku ya arobaini na moja
kama maiti anayengojea jamaa wa ng'ambo.

Perez Adoyo, auzaye vyungu, alinisimamisha kando ya reli.
"Hii asilimia mbili na nusu wanayokata sasa,
inaenda kwa nani?"
Nikaanza kumweleza leseni, seva, wanahisa,
mikono yangu ikichora hewani.
"Nimeuliza nani," akasema. "Sijauliza vipi."

Ningependa kuwaita wezi, ningelala.
Lakini walilipa deni la seva tulilokuwa tukilikimbia.
Mtoto wa Odera amerudi shule, ana sare mpya.
Bawabu ni Odera.

Ami yangu alipouza shamba la Kabondo
mama hakulia, wala hakwenda kwa chifu.
Jioni, kabla mnunuzi hajaleta nguzo na waya,
aliingia na kisu cha jikoni, akakata marando ya viazi,
akayaviringisha kwenye gunia bichi.
Akapanda kwa jirani, akapanda nyuma ya kanisa,
akampa na mke wa ami, yule yule.
"Ardhi wameuza," alisema.
"Kiazi hakisomi hatimiliki."

Usiku huu nimekata.
Nakala nzima: kapu langu, herufi mbili za Khavere,
onyo la Odera na chakula chake.
Jina sikuchukua, jina wamelisajili.
Nimeliacha tupu pale pa jina.

Sijidanganyi. Kupanda ni siku moja,
palizi ni kila siku,
na mama alikuwa na mgongo nisio nao.
Nani ataamka saa tisa pesa za mtu zikikwama Bungoma?
Nimemwandikia Khavere. Kimya.
Nimewaandikia wale watatu waliolipinga kapu.
Mmoja ameuliza kama kuna malipo.

Saa nane na robo simu ikatikisika mezani.
Namba ya zamani ya Odera, si ile ya kazini:
Mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Umekula?